Moyo Ukienda Mbio, Tazama Umeandamana na Nini

Ingia duka la dawa lolote jioni, liwe Tandika au Kisauni, usimame pembeni usikilize. Haitapita muda mrefu kabla hajaja mtu aliyejishika kifua, akisema moyo unamwenda mbio. Akitaja kwamba na tumbo nalo linamuunguza, ataondoka na omeprazole, kwa kuwa ameshaambiwa ni vidonda vya tumbo. Akiwa mtu mzima mwenye mwili, ataambiwa ni presha. Akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, ataambiwa apunguze mawazo. Na akifika nyumbani atamkuta shangazi mwenye jibu lake: kuna mtu amekuchezea. Majibu yote hayo hutolewa bila mtu hata mmoja kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo.

Wengi wa watu hao hawana ugonjwa wa kutisha, na ni haki yao kuambiwa hivyo ili walale usingizi. Lakini miongoni mwao wamo wachache ambao mioyo yao inahitaji msaada wa haraka, na wanatoka dukani na dawa ya tumbo. Malalamiko ya makundi yote mawili ni yale yale, kwa maneno yale yale. Kinachowatofautisha ni mambo yanayoandamana na mbio za moyo: mbio zilianzaje, ziliishaje, mtu alikuwa anafanya nini, na nini kingine kilimpata wakati huo. Kuyatazama mambo hayo hakuhitaji shahada. Kunahitaji utulivu na maswali machache yaliyo sahihi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku nzima hiyo ni kama mara laki moja, na karibu zote hatuzisikii. Mdundo huanzia kwenye kijisehemu kidogo cha nyama kilicho juu katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, ambacho watafiti wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walikielezea mwaka 1907. Kutoka hapo umeme husambaa vyumba vya juu, husubiri kidogo katikati, kisha hushuka vyumba vya chini, na moyo hujikaza kusukuma damu. Ukikimbilia daladala, ukishtuliwa na simu ya saa nane usiku, ukipanda mlima, mapigo huongezeka. Hivyo ndivyo moyo unavyopaswa kufanya, alimradi ukitulia nao utulie.

Wapo wanaolalamika ambao hata hawasemi moyo unakimbia. Wanasema umeruka, umeshtuka, umepiga kwa kishindo mara moja kisha kama ukasimama. Hutokea zaidi usiku mtu akilalia ubavu wa kushoto. Hapo pigo moja limetoka kabla ya wakati wake, moyo ukasubiri kidogo, na pigo lililofuata likaja na damu nyingi zaidi, ndilo hilo lililosikika kwa nguvu. Karibu kila binadamu hupata mapigo ya namna hiyo, wengine kwa mamia kila siku bila kujua. Kwa mtu ambaye moyo wake hauna kasoro nyingine, hayana madhara. Uchovu, usingizi haba, pombe na hofu huyaongeza, na hofu ya mapigo yenyewe huyaongeza zaidi. Mtu wa namna hii akipimwa mara moja vizuri na kuambiwa moyo wake ni mzima, mara nyingi nusu ya ugonjwa huwa imekwisha.

Kabla ya kuulaumu moyo, tazama damu

Kuna mbio ambazo moyo hauna kosa lolote, umetumwa. Homa huupandisha, kuhara na kutapika huupandisha kwa sababu maji yamepungua mwilini, na katika ukanda wetu huu kuna sababu moja ninayoitaja kwa msisitizo kwa kuwa imeenea na inapimika kwa urahisi: upungufu wa damu. Mama mjamzito, msichana mwenye hedhi nzito, mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara, mtu mwenye minyoo ya safura, mgonjwa wa selimundu, wote hawa wanaweza kuwa na damu nyepesi isiyobeba oksijeni ya kutosha. Moyo hauna njia ila kuizungusha ile kidogo iliyopo kwa kasi zaidi. Mtu huyo huhema akipanda ngazi chache, huona kizunguzungu akiinuka, na viganja vyake hupauka. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana hadi kwenye zahanati nyingi, na ni jambo la kusikitisha kuona mtu akinunua dawa za wasiwasi miezi mitatu mfululizo wakati hajawahi kutobolewa kidole.

Tezi ya shingo nayo isisahauliwe. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia hata mtu akiwa amelala, mikono hutetemeka, jasho humtoka wakati wenzake wanaona baridi, na hukonda ilhali anakula vizuri. Mara nyingine shingo huvimba na macho hutokeza, lakini si lazima. Daktari anayejua kazi yake akiona dalili hizo ataagiza kipimo cha damu cha homoni za tezi.

Halafu kuna vile tunavyoviingiza wenyewe. Kahawa imesemwa vibaya kuliko inavyostahili. Wazee wanaokunywa kahawa chungu barazani kwa vikombe vidogo, na kashata kando, wengi wao hawapati shida yoyote ya moyo kutokana nayo, ingawa wapo wanaohisi mapigo yakiruka na hao wapunguze. Ninachokiogopa ni vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyonywewa chupa mbili tatu kwa mkupuo na madereva wa masafa, bodaboda na wanafunzi wakati wa mitihani, tena juu ya tumbo tupu na usiku wa kukesha. Mirungi ni ya aina hiyo hiyo: dawa iliyomo ndani ya majani yale huuchochea moyo na kupandisha presha, na haijali kama nchi uliyomo imeipiga marufuku au inaiuza sokoni. Pombe nyingi ya wikendi moja inaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo hata kwa mtu ambaye hakuwa na historia ya ugonjwa. Daktari Mmarekani Philip Ettinger na wenzake walilielezea jambo hilo mwaka 1978, baada ya kuona wagonjwa wakifika hospitali kila baada ya sikukuu na mwisho wa juma.

Dawa za hospitali nazo zimo. Ile ya kupuliza ya pumu huongeza mapigo kwa muda, na dawa nyingi za mafua pia. Nyingine hufanya jambo la hatari zaidi kimyakimya, kwa kuuchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo: kwinini na klorokwini, erithromaisini na azithromaisini, methadoni, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mtu mmoja akizimeza kadhaa kwa pamoja, kila moja kutoka duka lake, hatari inapanda.

Kwinini ina kisa chake kwenye jambo hili, na kwa sisi tuliokua na ladha yake mdomoni kinafaa kukumbukwa. Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alimwendea Karel Frederik Wenckebach, bingwa wa mapigo ya moyo wa enzi hizo, akiwa na moyo unaopiga ovyo bila mpangilio. Wenckebach akamwambia hana dawa ya kuuondoa ugonjwa ule. Yule bwana, aliyewahi kuishi kwenye nchi zenye malaria, akajibu kwamba yeye anayo, na kesho yake atarudi mapigo yakiwa yamenyooka. Akarudi kweli, yamenyooka. Alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini. Miaka michache baadaye, mwaka 1918, ndugu yake kwinini, dawa inayoitwa kwinidini, ikaanza kutumika kutibu mioyo kama ile. Lakini dawa yenye nguvu ya kuunyoosha mdundo ina nguvu ya kuupinda pia, na ndiyo sababu hatuzichezei.

Mbio zinazowaka na kuzima kama taa

Sasa tuje kwa yule binti anayeambiwa apunguze mawazo. Muulize swali moja: mbio zako zinaanzaje? Akijibu kwamba zinapanda polepole, akiwa na jambo linalomsumbua, kisha zinashuka polepole, uwezekano wa wasiwasi ni mkubwa. Akijibu kwamba alikuwa ameketi, au ameinama kuokota kitu, mara ghafla moyo ukawaka kama taa, ukaenda kasi isiyohesabika dakika ishirini, kisha ukazima ghafla vile vile, hapo usimwambie habari ya mawazo. Mpeleke akapimwe.

Hali hiyo hutokana na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, ambayo mara nyingi mtu huzaliwa nayo. Umeme hupita njia ya kawaida, ukarudi kwa ile ya ziada, ukazunguka hivyo bila kutoka, na mapigo yakafika 150 hadi 220 kwa dakika. Wengi hukojoa sana shambulio linapokwisha. Aina moja ya tatizo hili inabeba majina ya madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, walioandika mwaka 1930 kuhusu vijana wazima wa afya waliokuwa na alama fulani kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na mbio za ghafla. Vijana wengi wenye shida hii huishi nayo miaka bila kufa, lakini huishi kwa hofu: hawathubutu kusafiri peke yao, na wapo walioacha shule.

Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 107 waliothibitishwa kuwa na mbio hizi. Thuluthi mbili kati yao walikuwa na dalili zinazotosha kuandikiwa ugonjwa wa hofu kuu, na zaidi ya nusu tatizo lao halikutambuliwa walipomwona daktari mara ya kwanza. Iliwachukua miaka. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo Marekani, kwenye mashine za kila aina, fikiria zahanati isiyo na hata moja.

Mbio za namna hii zina tiba ya mkono mtupu, na inafaa ijulikane. Mgonjwa akae ameegemea kidogo, apulize kwa nguvu ndani ya bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kana kwamba anataka kukisukuma kile kijiti cha ndani, kwa sekunde 15. Mara tu akimaliza, alazwe chali na miguu yake iinuliwe juu kwa sekunde 15 nyingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba njia hii ilirudisha mapigo ya kawaida kwa wagonjwa 43 katika kila 100, dhidi ya 17 kwa wale waliopuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu. Hii ni kwa mtu ambaye tatizo lake limeshajulikana na daktari amemfundisha. Asiyejulikana kwanza apimwe. Kujikamua shingo pande zote mbili kama baadhi ya watu wanavyofanya ni hatari, usimruhusu mtu akufanyie. Ikishindikana, hospitali ina dawa ya kuchoma mshipani inayokata mbio hizo ndani ya sekunde, na mwisho wa yote daktari bingwa wa moyo anaweza kuichoma ile njia ya ziada kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Wengi wakishafanyiwa hivyo hupona moja kwa moja.

Koo la mtoto, moyo wa mama

Kuna mapigo mengine ambayo ukiyashika kwenye kifundo huwezi kuyapatia mpangilio wowote. Mawili ya haraka, moja dhaifu, kimya, matatu tena. Vyumba vya juu vya moyo havijikazi, vinatetemeka tu. Damu ikikaa humo bila kusukumwa huganda, na bonge la damu likichomoka huenda kwenye ubongo. Mtu mwenye mapigo ya aina hii ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa takribani mara 5 kuliko asiye nayo.

Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa wazee. Kwetu unawakuta pia vijana, hasa wanawake walio katikati ya umri wa kuzaa, na sababu yake mara nyingi ilianza utotoni kwa kuumwa koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 hupata mafindofindo ya bakteria, hayatibiwi, au yanatibiwa nusu. Wiki chache baadaye viungo vinavimba na kuuma kwa kuhama, leo goti, kesho kifundo. Vinapona. Watu wanasahau. Lakini kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana na bakteria imegeukia valvu za moyo, na kila koo jipya huongeza kovu juu ya kovu. Miaka kumi na tano baadaye mama anabeba mimba ya pili, mzigo wa damu unaongezeka, na valvu iliyobana haiwezi kupitisha. Moyo unaanza kwenda mbio ovyo, anakohoa usiku, anaambiwa ni nimonia.

Ninaliandika hili kwa hasira kidogo, kwa sababu ni ugonjwa unaozuilika kwa dawa ya bei nafuu iliyo kongwe kuliko wengi wetu. Penisilini hutibu koo. Na kwa mtoto ambaye valvu zake zimeshaguswa, sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4 humlinda. Uganda imeithibitishia dunia jambo hilo: utafiti uliofanyika huko kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, waliogunduliwa kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kabla hawajaona dalili, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu kati ya 399 waliochomwa sindano, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa. Sindano inauma, ni kweli, na mtoto hulia kila mwezi. Mzazi asichoke.

Kwa ambaye mapigo yake tayari yamevurugika kutokana na valvu zilizobana, dawa ya kuzuia damu kuganda ni warfarini. Dawa mpya zaidi zipo, lakini utafiti uliojumuisha wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa hawa, waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa mojawapo ya hizo mpya. Warfarini ni dawa kali. Inataka damu ipimwe mara kwa mara. Mgonjwa hakatazwi mchicha wala kisamvu, ila ale kwa kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu mboga za majani hupunguza nguvu yake. Na mwanamke anayeitumia aongee na daktari kabla hajabeba mimba, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aspirini si mbadala wake, hata jirani akikuapia.

Nikiwa kwa akina mama, nisipite bila kutaja waliojifungua. Kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, moyo wa mama aliyekuwa mzima kabisa unaweza kutanuka na kulegea. Anachoka, moyo unakwenda mbio, miguu inavimba, na usiku hawezi kulala chali mpaka aongezewe mito. Nyumbani wanasema ndio uzazi huo, atazoea. Asiachwe azoee. Mama anayehema akilala chali baada ya kujifungua anapaswa kuwa hospitali leo, siyo siku ya kliniki ya mtoto.

Kuzirai ndiyo alama nyekundu

Katika yote yanayoweza kuandamana na mbio za moyo, hakuna linalonitisha kama kuzirai, hasa kuzirai wakati mwili uko kazini: mpira, kupanda mlima, kubeba zege, kukimbia. Mtu akizirai kwa kusimama muda mrefu juani au kwa kuona damu, akaona giza polepole kabla ya kuanguka, mara nyingi ni mshipa umelegea tu. Akianguka ghafla katikati ya mbio, bila onyo, fikiria moyo kwanza.

Wapenzi wa soka hawahitaji kukumbushwa sana. Tarehe 26 Juni 2003, huko Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, akafariki akiwa na miaka 28; uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka tarehe 17 Machi 2012 katika mechi ya Bolton na Tottenham jijini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Aliishi, kwa sababu kuna watu waliokibonyeza kifua chake bila kukoma na mashine ya kushtua moyo ilikuwa pale pale. Nwankwo Kanu hakuanguka: mwaka 1996 vipimo vya Inter Milan vilimkuta na kasoro ya valvu, akafanyiwa upasuaji Marekani, akarudi uwanjani na baadaye akatwaa mataji na Arsenal. Tofauti ya Foé na Kanu ni kipimo kilichoona mapema.

Vijana wetu wanacheza ndondo bila kupimwa kitu. Basi angalau kila kocha awaulize wachezaji wake maswali mawili mwanzoni mwa msimu: umewahi kuzirai ukicheza? Kuna ndugu yako wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Akijibu ndiyo kwa lolote, asicheze hadi apimwe.

Lipo kosa moja linalogharimu maisha ya watoto na vijana. Moyo ukisimama au ukienda kasi mno, ubongo hukosa damu na mwili unaweza kutikisika. Wanaomzunguka huona kifafa, wakamwekea kijiko mdomoni na baadaye kumtafutia mganga. Kila mtu aliyeambiwa ana kifafa, lakini huanguka anapokimbia au anaposhtuliwa na sauti kubwa, anastahili kupimwa ECG. Na mtu akianguka mbele yako, hajibu, na hapumui au anavuta pumzi za kukoroma kwa mbali mbali, usimmwagie maji. Piga kelele za msaada, weka viganja vyako katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Mbali na kuzirai, kuna mambo ambayo yakiandamana na mbio za moyo hayangoji asubuhi: maumivu ya kifua yanayobana au kupanda kwenye taya na mkono, kuhema hata ukiwa umekaa, mdomo kupinda, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kutotoka sawasawa hata kama yamerudi baada ya dakika chache, na mapigo yanayozidi 150 ukiwa umetulia, au yanayozidi 120 na kugoma kushuka. Mtu aliyeshaambiwa ana moyo mpana, ugonjwa wa valvu au betri ya moyo asisubiri kuona itakuwaje. Hizo zote ni safari ya hospitali usiku huo huo, na mgonjwa asiendeshe mwenyewe gari wala pikipiki.

Wasiwasi nao ni ugonjwa, na sitaki msomaji aliye nao ajione amedharauliwa. Hofu kuu huja kwa kasi, hufika kilele ndani ya dakika kama kumi, vidole hufa ganzi kwa kuhema haraka, na mtu huamini kabisa anakufa. Ina tiba ya mazungumzo na ya dawa. Ninachokataa ni kuutaja wasiwasi kabla ya kupima.

Msaada mkubwa unaoweza kujipa ni kujua kushika mapigo yako. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya shina la kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Jifunze leo ukiwa mzima ili ujue yako ya kawaida. Siku ya shambulio andika saa lilipoanza, idadi, kama yana mpangilio au la, ulikuwa unafanya nini, lilikwisha ghafla au polepole. Kama huwezi kuhesabu, gonga mezani kwa kidole jinsi unavyoyahisi na mtu akurekodi kwa simu. Daktari atajifunza mengi kutokana na mlio huo. Usimeze propranolol ya jirani, ile dawa ya kushusha mapigo: kwa mwenye pumu inaweza kuziba pumzi. Na kama kuna kituo cha karibu chenye mashine ya ECG, nenda moyo ukiwa bado unakimbia. ECG iliyopigwa moyo ukiwa umeshatulia mara nyingi huonekana safi, na mgonjwa hurudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu. Iliyopigwa wakati wa shambulio, hata moja, huweza kumaliza maswali ya miaka. Omba nakala, uitunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Mashambulio yakiwa ya nadra, omba rufaa ya kuvalishwa kile kifaa kinachorekodi moyo saa 24 au zaidi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaopanga bajeti za afya katika wilaya na kaunti zetu. Mashine ya kwanza ya ECG ya Willem Einthoven, mzaliwa wa Java aliyefanya kazi Leiden na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Ya leo inaingia kwenye mkoba, na picha ya karatasi yake inaweza kutumwa kwa simu hadi kwa bingwa aliye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, mgonjwa akiwa bado kitandani. Kila kituo cha afya kiwe nayo moja, pamoja na muuguzi mmoja aliyefundishwa kuitumia usiku na mchana.